Safu ya Mbele ni ya Waliokufa

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kufumba macho mbele ya filamu," alisema Shungo Makabe huku mvuke ukimtoka mdomoni, maana alikuwa ametupia kitumbua cha pweza kizima kizima bila kukipuliza. "Katakata mtu, chana tumbo, chomoa utumbo uufanye kamba ya kurukia, mimi nakodoa tu. Hata kupepesa sipepesi. Kope zangu zimeshika kutu."

Walikuwa kwenye ngazi za Ukumbi wa Kujira, ile sinema iliyo chini ya duka la magodoro pale mjini Amagasaki, wakisubiri watazamaji wa asubuhi watoke ili wao waingie. Mzee Hatakeyama, aliyesambaza barua za posta mpaka akastaafu na sasa anasambaza maneno, alimtupia jicho la upande.

"Hata kwenye ile ya *Mama Mkwe Mwenye Misumeno*? Pale bafuni?"

"Pale bafuni ndiyo kabisa. Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Tambi za nyanya, mzee."

Watu wakaangua kicheko, na Shungo akainama kidogo kama mwanamuziki anayepokea makofi.

Sasa tuseme ukweli, maana yeye hatausema. Shungo hajawahi kuliona lile bafu. Anachokijua vizuri kuliko mtu yeyote pale Amagasaki ni taa ya kijani ya mlango wa dharura, ile yenye picha ya mtu anayekimbia, iliyo juu kulia kwa pazia. Panga likiinuliwa, macho ya Shungo humkimbilia yule mtu wa kijani. Akichelewa, kope hufunga zenyewe, pa, kama mlango wenye springi, na hapo hata umfanyeje hazifunguki mpaka mayowe yaishe. Humsikia mtu akikatwa, husikia vipande vikianguka, kisha hufumbua na kumuuliza jirani, "Umeona ile?" Jirani humsimulia. Kesho yake Shungo humsimulia mwingine, na kwa kuwa ana mdomo, simulizi yake huwa tamu kuliko filamu yenyewe.

Mtu atauliza: kwa nini basi asitazame za mapenzi? Swali zuri, na hata dada yake humuuliza. Lakini Shungo alizipenda hizi hizi. Alipenda mazimwi ya mpira ambayo zipu yao inaonekana mgongoni, mashujaa wanaoruka juu ya gari bovu huku waya unameta juani, na damu inayoruka kwa presha kama bomba la mtaa limepasuka. Alipenda vilevile watu wanaozipenda. Na zaidi ya vyote, aliipenda safu ya mbele, ambayo hakuwahi kuikalia.

Hapo Kujira hakuna tangazo ukutani, lakini kila mtu anajua: safu ya mbele ni ya waliokufa. Waliokufa kwenye filamu, usije ukatoka mbio. Waongozaji wa filamu hizi hawana uwezo wa kulipa umati, basi huwaita mashabiki. Unakwenda, unapewa wali wa boksi, unauawa, unarudi nyumbani. Tangu siku hiyo una kiti mbele. Mzee Hatakeyama amekufa kwa panga, kwa tindikali na kwa kubanwa na kaa mkubwa kama basi. Muuza samaki wa soko la juu aliliwa na mkewe. Kila filamu ya zamani ikirudiwa utasikia mmoja wao akipiga paja gizani, "Huyo! Huyo mimi!" na wenzake wanamshangilia kama ameoa. Shungo, aliyekuwa hajafa hata mara moja, alikaa nyuma karibu na mlango, akisikiliza kicheko kile kikitoka mbele bila yeye kuwemo.

"Wewe. Mwenye kope za kutu."

Sauti ilitoka chini ya ngazi. Alikuwa Kuramochi, mwongozaji mwenyewe, taulo shingoni, anamung'unya barafu ya kijiti. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Wote wakainama.

"Kesho kutwa una kazi?" aliuliza Kuramochi.

"Nina mashuka ya hoteli, Mwalimu," alisema Shungo, maana kazi yake ni dobi.

"Unayafua kwa mkono?"

"Yanafuliwa na mashine."

"Basi mashine haitakukosa. Nataka maiti. Maiti wangu wote wanapepesa macho kama taa za baa. Zimwi langu linatoka tanurini, linamwinamia maiti, linamnusa, halafu jipu la shingoni linapasuka, damu yote inamwagikia usoni. Na maiti anatazama tu. Macho wazi, mwanzo mpaka mwisho. Unaweza?"

Kabla Shungo hajapata uongo mpya, Mzee Hatakeyama alishamjibia. "Anaweza huyo! Alikula tambi kwenye bafu la Mama Mkwe!"

"Shati ninalo moja," Kuramochi aliendelea, "damu ninayo tangi moja, na kile kiwanda cha chuma tunachopigia picha kinabomolewa wiki ijayo. Tunapiga mara moja tu. Ukipepesa, umeniharibia filamu."

"Akikodoa mpaka mwisho," alisema Mzee Hatakeyama, akiwageukia wenzake wa mbele, "kiti cha katikati ni chake. Tunakubaliana?"

"Na akipepesa?" aliuliza muuza samaki.

"Akipepesa atakuwa ametudanganya tangu siku ya kwanza aliyokanyaga hapa. Sinema za wapendanao ziko ng'ambo ya reli, atafute kiti huko."

Walicheka, lakini Mzee Hatakeyama hakucheka, na Shungo aliliona hilo. Alisema, "Nitakuja, Mwalimu," na kitumbua cha mwisho kikamshinda kumeza.

Nyumbani alimkuta Chinami, dada yake, amejinyoosha sakafuni mbele ya feni. Chinami anafanya kazi kwenye saluni ya kucha, na ulimi wake ni mkali kuliko kucha anazochonga.

"Nirushie kitu usoni," Shungo akamwambia.

"Nimeisubiri siku hii tangu utotoni. Nirushe nini?"

"Sosi ya nyanya. Kidogo. Nataka nizoeze macho."

Chinami hakuuliza mara mbili. Alileta chupa na kijiko, akamketisha kaka yake kwenye beseni la kuogea.

"Tayari?"

"Tayari."

"We kaka, umeshafumba."

"Najiandaa."

"Unajiandaa au unalala? Fumbua. Haya. Moja, mbili... umefumba tena! Sijarusha hata tone!"

"Umetingisha kijiko."

"Nisipotingisha itaruka kwa maombi?"

Walijaribu kwa sosi, wakajaribu kwa maji, wakajaribu kwa Chinami kupiga makofi mbele ya pua. Alijishika kope kwa vidole, zikamponyoka. Alijitia dawa ya macho mpaka akaonekana ametoka msibani. Kila kitu kilipomjia usoni, kope zilishuka bila kuomba ruhusa. Alitoka bafuni amelowa sosi, akazunguka chumba, akafungua friji, akafunga, akafungua tena.

"Kwani lazima?" Chinami aliuliza. "Waambie huwezi."

"Nikiwaambia siwezi, nitakaa wapi?"

"Kaa kwenye kochi kama watu wengine."

Shungo akarudi bafuni kunawa sosi. Usiku ule hakulala. Mchana wa siku moja kabla ya kufa kwake, alirudi kutoka kwenye mashuka, akaketi akiegemea ukuta apumzike dakika mbili, usingizi ukambeba hapohapo, kichwa wima.

Kilichomwamsha ni sauti ya mama yake.

"...tena naongea na wewe! Umenikodolea macho tu kama samaki wa barafu! Nimekuuliza nguo za mvua umeanika wapi, unanitazama! Ndiyo heshima gani hiyo? Baba yako hata siku moja hakunitazama hivyo!"

Shungo akafumbua macho. Mama yake akapiga ukelele, akarusha kikapu cha nguo, akatoka mbio hadi kwenye korido. Nyuma ya mlango Chinami alikuwa amejikunja chini, anacheka bila sauti, mkononi ameshika wanja na kijichupa cha rangi nyeupe.

Shungo alikimbilia kioo. Akafumba jicho moja. Juu ya kope yake palichorwa jicho: jeupe, mboni nyeusi katikati, na kidoa cha mwanga pembeni kama jicho la mtu mzima na akili zake. Lilimtazama.

"Amesema na mimi muda gani?" aliuliza.

"Tangu nguo za mvua hadi bili ya gesi. Kaka, usikasirike, ulikuwa umekaa vizuri mno, nilishind..."

"Huu wanja unatoka kwa maji?"

"Huo? Huo hautoki hata kwa laana. Unahitaji mafuta." Kicheko kikamwisha. "We Shungo. Hapana. Unataka kwenda kufa na wanja wangu?"

"Nitakurudishia."

"Unarudisha na rangi nyeupe. Na ukikamatwa mimi sikujui."

Asubuhi ya kazi watu wote wa filamu walikwenda kwanza hekaluni, kama anavyofanya kila anayetaka kupiga filamu ya mizimu, maana anayepuuza huangukiwa na taa. Walijipanga kwa safu, vichwa chini. Kuhani alitikisa fimbo yake ya karatasi nyeupe juu yao, akasoma majina kwa sauti nzito, na alipofika kwenye jina la filamu, *Jipu la Tanuri*, hakutikisika hata sharubu. Wengine waliomba usalama. Shungo aliombea kope, na aliinama muda mrefu mpaka msaidizi wa mwongozaji akamgusa bega kwa heshima.

"Kaka umezama kweli," alinong'ona yule msaidizi.

"Naingia kwenye mauti taratibu," alisema Shungo.

Kiwandani kulikuwa na joto la kukaangia yai. Nyenje walipiga kelele nje kama wamelipwa. Zimwi lilikuwa limeshafungwa zipu, limekaa juu ya kreti la bia, mikono ya mpira magotini, na msaidizi alilipitishia mrija wa maji katikati ya meno. Hakuna aliyemtaja mtu wa ndani kwa jina. "Zimwi asogee kushoto." "Zimwi apepewe." Shungo alimwinamia kila mtu pale, mpiga picha, mpambaji, mshika taa, hata mlinzi wa kiwanda; kwa Zimwi alipita akaligonga pembe kwa kidole, ngo ngo, kama mtu anayepima tikiti maji.

Mpambaji alimchora kovu refu la shavuni na kumpaka ubuluu wa midomo. Alipomaliza tu, Shungo akaomba kwenda msalani. Huko, mbele ya kioo kilichopasuka, alijichora jicho la kushoto. Likatoka la kushangaa. Akajichora la kulia, likatoka la kukasirika. Akalirekebisha la kushoto lifanane na la kulia, likapita kiasi, akalazimika kurudi kulia tena. Nje msaidizi alikuwa akiita, "Maiti! Maiti anatakiwa!" Alijifunika taulo kichwani kama bondia, akatoka akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Anajitenga," msaidizi alimnong'oneza mshika taa. "Mtaalamu huyu."

Alilala chali mbele ya tanuri. Kamera ilikuwa juu ya ngazi, mbali, moshi wa mashine umeanza kutandazwa. Kuramochi alikuwa amechuchumaa mbele ya kijiskrini kilichopasuka pembe.

"Jamani, shati moja, damu moja," alisema Kuramochi. "Anayetaka kupiga chafya apige sasa."

Akapiga mmoja.

"Maiti, ondoa taulo."

Shungo akafumba macho, akalitupa taulo pembeni. Hakusikia mtu akipiga kelele. Hakusikia mtu akicheka. Halafu Kuramochi, kwa sauti ya chini: "Mama yangu. Mtazameni alivyokodoa. Haya... twende!"

Gizani mle Shungo alisikia minyororo ikiburutwa. Akasikia miguu ya mpira, flap, flap, ikija. Harufu ikamfikia kabla ya zimwi lenyewe, harufu ya mpira uliochemka na jasho la mtu, na kitu kikamdondokea kwenye pua, kwenye paji, kwenye midomo, cha chumvi. Pumzi moto ikamwinamia. Zimwi lilimnusa. Likanusa tena. Kisha likakaa palepale, karibu kabisa, muda mrefu kuliko walivyofanya kwenye mazoezi, na kutoka mahali fulani shingoni mwake kukatoka mkoromo mdogo, kama wa mtu aliyepaliwa na pilipili. Shungo alidhani ni uigizaji. Alijikaza maiti asionekane anapumua.

Jipu likapasuka. Shira nyekundu, ambayo walikuwa wameifunga ndani ya bomba la kupulizia dawa za mimea, ilimshukia yote usoni, ya moto kwa sababu ilishinda juani, ikaingia puani, ikaingia masikioni. Kope zake hazikuwa na pa kwenda, zilikuwa zimeshafika.

"Usikate," Kuramochi alikuwa akisema, "usikate, usikate, sogeza, ndiyo, ndiyo... kata!"

Lakini kamera haikuzimwa. Kwa watu hawa aliyekufa kwenye filamu haachwi afe hivihivi. Ikishasemwa "kata" lazima acheke mbele ya kamera, mkosi utoke. "Cheka, maiti!" wakampigia kelele wote, na Shungo, macho yamefungwa kama makufuli, akafungua mdomo na kucheka kwa nguvu zote.

"Tazama!" Kuramochi alirukaruka. "Anacheka na macho yako vilevile! Wala hayakutikisika! Huyu si mtu huyu, tumuogope!"

Msaidizi akatangaza, "Makabe, maiti, amemaliza kazi! Poleni kwa kazi!" na wote wakaitikia, "Poleni kwa kazi!" wakapiga makofi. Hela ya maua haikuwepo, kwa hiyo alikabidhiwa fungu la vitunguu vya majani lililofungwa utepe. Alilipokea huku taulo limemfunika uso, akisema amezidiwa na hisia, akakimbia msalani kabla mtu hajamkumbatia.

Ungedhani sasa angelala. Thubutu. Miezi ya kusubiri filamu ikamilike ilimla. Kijiskrini kilichopasuka ni kitu kimoja, na pazia la Kujira ni kitu kingine: pale jicho lako linakuwa kubwa kama mlango. Alikunja mashuka ya hoteli akayakunjua akayakunja tena. Alimpigia msaidizi kuuliza kama kipande chake kimebaki. Aliposikia kimebaki alisikitika, na baadaye akaogopa kitaondolewa. Mafuta ya Chinami yalishautoa wanja, lakini kila alipopita kwenye kioo alifumba jicho moja ahakikishe. Na kila mkutano wa ngazini, mdomo ulimponyoka kama kawaida. Mara alimwagiwa damu nusu saa. Mara inzi alitua kwenye mboni akatembea, na yeye akamwacha atembee.

"Inzi?" alisema Mzee Hatakeyama.

"Mkubwa, mzee. Wa kijani."

Siku ya kwanza ya *Jipu la Tanuri*, mchana, foleni ilipanda hadi kwenye magodoro. Mzee Hatakeyama alimshika Shungo mkono mbele ya watu, akampeleka hadi safu ya mbele, akapangusa kiti cha katikati kwa leso yake mwenyewe.

"Kaa, marehemu."

Shungo akakaa. Kushoto kwake alikuwa aliyeliwa na mkewe, kulia aliyebanwa na kaa. Muuza samaki alimpa soda. Walimpigapiga mabega. Ilikuwa raha ambayo aliitaka tangu alipoanza kuingia mle ndani.

Taa zikazima. Shujaa, mwanamke wa mkono mmoja mwenye koleo la chuma, alipigana na walinzi wa kiwanda na kila mtu akapiga makofi. Tanuri likapasuka. Minyororo ikaburutwa. Shungo aliisikia miguu ile, flap, flap, na macho yake yakapaa yenyewe hadi juu kulia, kwa yule mtu wa kijani anayekimbia. Huko yakabaki. Alikufa pale mbele yake kwa ukubwa wa nyumba na hakujiona.

Alichosikia ni ukumbi umenyamaza. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Loo." Kisha damu ikamwagika, na ukumbi mzima ukalipuka.

"Macho hayo!" Muuza samaki alimtikisa. "Shungo, macho hayo! Yamekufa kweli! Huyo! Huyo wewe!"

"Huyo mimi," alisema Shungo, akimtazama mtu wa kijani.

Filamu ilipokwisha, waliotengeneza walipanda jukwaani kuwaamkia watazamaji, kama ilivyo desturi. Kuramochi na taulo lake. Mwanamke wa mkono mmoja, mikono yake yote miwili ikiwa salama. Na pembeni, mama mmoja mfupi mwenye mvi, blauzi ya maua, ambaye Shungo alimdhania ni wa kuleta chai. Maswali yakaulizwa: tanuri lilipashwa moto kweli? koleo lina uzito gani? Ndipo Mzee Hatakeyama akasimama na kipaza sauti.

"Mimi swali langu si la huko jukwaani. Ni la huyu wa kwetu. Shungo, simama watu wakuone."

Watu wakapiga makofi. Shungo akasimama.

"Tueleze. Damu yote ile, na hukupepesa. Mtu anafanyaje?"

Akampa kipaza sauti. Hapo ndipo angesema asante na kukaa. Tazama sasa. Watu wote wale wamemgeukia, safu ya mbele imetoa meno kwa fahari, na mdomo wake unajua njia kuliko yeye.

"Siri ni moja tu," alisema. "Unamtazama zimwi. Wengine wanaogopa kumtazama. Mimi nilimtazama macho kwa macho. Alipofungua mdomo nikatazama ndani, nikaona meno, nikaona ulimi, nikaona mpaka koromeo. Nikamwambia moyoni: leo tutaona nani atapepesa kwanza. Akapepesa yeye."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya filamu. Mzee Hatakeyama alifuta jicho. Kuramochi, jukwaani, alikuwa anacheka mpaka taulo likaanguka.

"Vizuri umemtaja zimwi," alisema Kuramochi, "maana tumesahau kumtambulisha. Amevaa mazimwi yangu yote tangu nilipoanza, na hapendi maneno mengi. Bi Terui, sogea mbele, tafadhali."

Yule mama wa blauzi ya maua akasogea, akainama. Ukumbi ukainuka kumshangilia. Shungo alipiga makofi kama wengine, kipaza sauti kimebanwa kwapani, halafu mikono yake ikaanza kupunguza mwendo.

"Asanteni," alisema Bi Terui kwa sauti ndogo. "Sina la kusema. Ila kama inaruhusiwa, nina swali kwa marehemu."

"Uliza, uliza!" wakamjibu wote.

"Lile vazi halina matundu ya macho. Mimi huwa natazamia kooni. Kwa hiyo hilo koromeo alilosema kijana, humo nilikuwemo mimi, na uso wake ulikuwa hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua yake. "Jasho langu lote lilimdondokea. Nikajua sasa hivi ile rangi itachuruzika, na tuna shati moja, nikawa nachelewa kuondoka nimtazame. Haikuchuruzika. Ikaja damu, bado. Mimi kila wanja ninaojaribu unayeyuka kabla hawajanifunga zipu." Alimtazama Shungo kwa hamu ya kweli, kichwa ameinamisha upande. "Wewe ule wa kwenye kope ulinunua wapi?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha. Vichwa vya safu ya mbele viligeuka, kimoja baada ya kingine.

"Wanja?" alisema Mzee Hatakeyama.

Shungo akakitoa kipaza sauti kwapani, akakileta mdomoni. Kwa mara ya kwanza mdomo haukumletea uongo. Kidole chake kilikuwa kimepanda chenyewe hadi kwenye kope ya kushoto.

"Ni wa dada yangu," alisema, na kipaza sauti kikalisambaza hilo ukumbi mzima.